Kuchagua mtaa Lubumbashi: anza na upepo

Kabla ya kutazama nyumba hata moja Lubumbashi, tafuta mahali palipo wazi ulione bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali. Lina urefu wa zaidi ya mita 150, na pembeni yake kuna kilima cheusi kilichorundikwa na watu, makapi ya madini yaliyoyeyushwa hapo kwa miaka mingi. Ukishaliona, jiulize nyumba unayotaka kupanga iko upande gani wa bomba hilo. Dalali, ambaye hapa huitwa komisionere, atakusifia vigae na geti jipya. Upande wa bomba hautaji, na ndio unaokuhusu zaidi wewe na watoto wako.

Kuanzia Mei mpaka Septemba, upepo wa hapa huvuma hasa kutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi wa tanuri, tangu lilipowashwa mwaka 1911, ulielekea zaidi kaskazini-magharibi, na vilivyokuwamo ndani yake vikatua huko ardhini: shaba, zinki, risasi, kadmi, aseniki. Moshi wa zamani umekwisha, lakini madini hayaozi. Nenda Penga Penga ukaone kwa macho yako. Miti hakuna, nyasi zimejikusanya vishungi vishungi, na kati ya kishungi na kishungi udongo uko uchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo wa upande huo mara nyingi, kuanzia mtaa wa Gécamines mpaka Kabetsha na bonde la Karavia, na madini bado yamo.

Mwaka 2009 watafiti wa chuo hichohicho, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa Katanga ya kusini. Waliokuwa wanaishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye mgodi au kiwanda cha kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto walikuwa nayo nyingi kuliko watu wazima. Si ajabu. Mtoto anacheza chini, kisha anatia mkono mdomoni.

Ukiufuata umbali huo wa kilomita 3 kwa ukali, utajinyima sehemu kubwa ya mji, na nzuri. Ndiyo maana mimi natanguliza upande, halafu umbali. Nyumba iliyo kilomita 2 mashariki mwa bomba naichukua kabla ya iliyo kilomita 4 kaskazini-magharibi. Kama kazi au ndugu vinakulazimu kukaa upande ule wa moshi wa zamani, kaa, lakini kwa masharti. Lengalenga za kula zisipandwe kwenye udongo wa parsele, yaani kiwanja chako; zipande kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka mbali. Ua uwe na sementi au majani, usiwe vumbi tupu. Nyumba ipigwe deki kwa kitambaa kibichi, kwa maana ufagio mkavu unalirudisha vumbi hewani, na watoto wanawe mikono kabla ya kushika bukari, yaani ugali.

Viwanda vya sasa havikai tena sehemu moja. Viko ndani ya Kampemba, upande wa Tshamilemba, viko pia pembezoni mwa Ruashi, ambako mgodi wa wazi umekaribiana na nyumba za watu. Novemba 2025 bwawa la maji machafu la kiwanda kimoja lilivunjika, maji yakaingia Kalukuluku na mitaa ya jirani, na Serikali ikasimamisha shughuli za kiwanda hicho. Kwa hiyo, popote utakapoonyeshwa nyumba, zunguka mitaa yote inayoizunguka kwa miguu. Ukuta mrefu wenye malori yanayoingia na kutoka, mfereji wenye maji ya rangi usiyoijua, harufu inayokwaruza koo: kimojawapo kikiwepo, shukuru kwa kuonyeshwa, uendelee na safari yako.

Jinsi mji ulivyopangwa

Mtu akikupa ramani ya Lubumbashi bila historia yake, utaiona tu mitaa. Ukiijua historia, utajua pia mabomba ya maji yanapita wapi na kwa nini wewe unayekaa kusini utachelewa kazini.

Mji ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, ukaitwa Élisabethville kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ikajenga tanuri lake kando ya mto Lubumbashi. Wazungu wakapimiwa viwanja vipana kwenye barabara zilizonyooka, wakapandiwa miti, wakawekewa maji na mifereji. Waafrika walikaa karibu nao kwa muda, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakahamishiwa kusini, mahali panapoitwa leo Kamalondo, na kati ya pande hizo mbili likaachwa eneo tupu la mamia ya mita. Kisingizio kilikuwa malaria. Wafanyakazi wa tanuri wao walijengewa kambi palepale penye moshi. Komini ya Kenya, yaani wilaya ya mji yenye jina hilo, ikazaliwa baada ya Kamalondo. Katuba ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na katika muongo huohuo Ruashi ikawekwa mbali mashariki, ili mtu aje mjini kufanya kazi na jioni arudi kwao.

Mwaka 1966 mji ukapewa jina la mto wake, na mwaka uliofuata Serikali ikaitwaa Union Minière, ambayo ndiyo Gécamines ya leo. Majina yalibadilika, lakini mabomba hayakuhama. Mpaka leo barabara zenye lami na mifereji mizuri, na mabomba makubwa ya Regideso, shirika la maji, vinaanzia pale vilipowekwa kwa ajili ya wachache, na kadiri unavyosogea pembeni ndivyo vinavyopungua. Ninasema hivi bila kukutisha. Wengi wetu tumekulia kwenye komini hizo zilizonyimwa, na ndizo zilizoufanya mji huu uwe na uhai wake. Lakini anayehama anapaswa kujua ni kitu gani atakuwa anakitafuta kila asubuhi kwa nguvu zake mwenyewe.

Komini zote ni saba: Lubumbashi, ambayo ndiyo katikati na mitaa yake ya zamani ya Wazungu, Kamalondo, Kenya na Katuba upande wa kusini, Kampemba na Ruashi upande wa mashariki, na Annexe, inayouzunguka mji karibu wote. Chini ya komini ziko karitiye, yaani mitaa, na ndani ya karitiye ziko avenyi, yaani barabara. Ukimuuliza mtu anakaa wapi, atakutajia karitiye na avenyi pamoja. Nawe uliza hivyohivyo. Jina la komini peke yake halikuambii lolote, hasa Annexe, ambako ukitaja komini ni sawa na kusema unakaa nje ya mji, upande wowote.

Maji kwanza, taa baadaye

Jambo la pili baada ya upepo ni maji. Fika kwenye mtaa unaoutaka saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kazi, bila komisionere. Tazama nani amebeba bido, yaani dumu la maji, anatoka wapi na amepanga foleni wapi. Ukiona wasichana watatu wanatembea mwendo mrefu na bido za njano vichwani, jibu umeshalipata kabla ya kuuliza. Uliza hata hivyo, na umuulize mwanamke, kwa sababu ndiye anayeamka. Msalimie kwanza, mwite mama hata akiwa mdogo kwako: "Mama, maji inakuyaka saa ngapi hapa?" Akikujibu, "Inakuyaka usiku tu, mama, shiye tunaamka," basi jiandae kununua pipa na kukatiza usingizi.

Mwenye nyumba wako, beyere, anaweza kukuonyesha kisima au forage, kisima kilichochimbwa kwa mashine, badala ya bomba. Ni vizuri, lakini uliza hali yake ya Oktoba. Mvua hapa huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na wiki zinazotangulia ndizo ambazo maji yamezama chini kabisa. Kisima chenye maji mengi Machi kinaweza kuwa tope Oktoba. Uliza pia choo kiko umbali gani na kisima, cha kwenu na cha jirani, kwa maana kwenye parsele ndogo za Kenya na Katuba ukuta unatenganisha watu tu. Chini ya ardhi maji ni yale yale. Na kama uko karibu na kiwanda, kisima ni cha kufulia, na hata hivyo nisingekitumia.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme, unakatika kila mahali, ila haukatiki sawasawa. Barabara iliyo kwenye laini ya hospitali au ya kiwanda huwa na taa hata jirani zake wakiwa gizani, na wenyeji wa avenyi wanajua kabisa ni nyumba zipi zimo kwenye laini hiyo. Rudi pale saa mbili usiku uhesabu madirisha yenye mwanga. Sikiliza pia majenereta. Taa zikikosekana ni makala, yaani mkaa, na moshi wa makala jikoni ni moshi vilevile, kwa hiyo jiko lenye dirisha la kweli lina thamani kuliko sebule yenye dari ya mapambo.

Kwenye komini za zamani kuna jambo lingine ambalo mgeni hulijua akiwa ameshahamia. Parsele moja ya Katuba inaweza kuwa na familia nne: beyere mbele, malokatere, yaani wapangaji, watatu nyuma. Mita ya umeme ni moja. Kutoka kwenye mita waya unapita juu ya ukuta, umeshikiliwa kwa misumari iliyokunjwa, unaingia mlango wa kwanza, unatokea, unaingia wa pili. Bili ikija inagawanywa, na hapo ndipo maneno yanapoanza: yule ana friji, yule ana pasi, yule amesafiri mwezi mzima. Bomba la maji ni moja, choo ni kimoja, na zamu ya kukiosha ipo au haipo. Mtu mzima atauliza haya yote kabla ya kutoa hata faranga. Bili inagawanywa kwa kichwa, kwa mlango au kwa vyombo? Nani analipa, na risiti inaonekana? Lokatere aliyekuwemo kabla yangu alitoka kwa nini? Swali hilo la mwisho muulize jirani, si beyere.

Mitaa yenyewe

Kwa mtu anayeingia Lubumbashi bila gari na bila ndugu, mimi nasema waziwazi: anza Kamalondo, au upande wa Kenya ulio karibu na mji. Kamalondo ni ndogo, kongwe, na unaweza kufika katikati ya mji kwa miguu ukivuka reli. Utalala na muziki wa baa, na siku za mechi utakuwa na umati mlangoni, kwa sababu uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011 na wenye viti zaidi ya 18,000, uko humo humo. Kama wewe ni shabiki wa Lupopo, timu pinzani, utajizoeza kunyamaza Jumapili. Lakini barabara zake hazilali, na mtu anayerudi usiku hatembei peke yake. Kwa mwanamke anayetoka kazini saa tatu usiku hilo ni jambo zito kuliko ukuta wa mita tatu.

Kenya ina soko, na soko hilo linalisha sehemu kubwa ya mji. Kuishi karibu nalo maana yake unga, sombe (majani ya muhogo), samaki na makala viko hatua chache tu, na mama mwenye biashara ndogo anaweza kuianza siku anayoshusha mizigo. Msongamano ni mkubwa, parsele ni finyu, na mvua ikinyesha takataka za soko hutafuta njia ya kupita. Chagua avenyi zilizoinuka kidogo na zilizo mbali na soko kwa mwendo wa dakika kumi.

Katuba ni kubwa hata kuizungumzia kama mtaa mmoja ni kuidanganya. Sehemu zilizopimwa miaka ya 1950 zina parsele za mraba, avenyi zilizonyooka na miembe ya zamani uani. Wakati ule mkazi alipewa mkopo ajijengee nyumba yake mwenyewe, ndiyo maana familia nyingi zipo palepale kwa vizazi vitatu. Majirani wa namna hiyo ni hazina. Wanajua nani ni nani, mgonjwa wako atabebwa, na mwizi hapati pa kujificha. Ubaya wake ni njia ya kwenda mjini. Asubuhi taksi-basi zote zinataka kupita mahali palepale, na anayefanya kazi katikati lazima atoke kungali giza.

Ruashi iko mbali, na umbali huo utaulipa kila siku kwa muda na nauli, kupitia barabara ya Kasenga. Ninaipendekeza kwa mtu ambaye kazi yake iko hukohuko au upande wa uwanja wa ndege wa Luano, na kwa mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kule. Ina masoko yake, shule zake na wazee wake, hata unaweza kukaa wiki nzima bila kuja mjini. Upande wa Matoleo na Bendera umeshazoeleka. Upande wa mgodi rudia yale niliyosema juu.

Kwenye Kampemba tofauti ni kubwa kuliko kwingine kote. Bel-Air ni mtaa wa zamani wenye nyumba za vibaraza vipana na viwanja vikubwa, karibu na katikati. Ukisogea kidogo ndani ya komini hiyohiyo uko kwenye maghala, karakana na viwanda. Kwa Bel-Air na Makomeno, ambako Union Minière iliwajengea watumishi wake wa Kizungu, kuna njia ambayo mtu mmoja au mume na mke wasio na watoto wasiidharau: aneksi. Nyuma ya karibu kila nyumba kubwa kuna vyumba viwili vitatu vilivyojengewa boi na mpishi, mlango ukitazama ukuta, dirisha dogo na la juu. Siku hizi vimekarabatiwa na vinapangishwa. Unapata maji ya bomba kubwa, miti, mlinzi getini, na barabara yenye lami kwa sehemu tu ya kodi ya nyumba kubwa. Kabla ya kukubali, ingia humo saa nane mchana ufunge mlango. Vyumba hivi havikujengwa kwa ajili ya raha ya anayelala ndani. Kama mwenye nyumba hajatoboa dirisha la pili, mwombe atoboe kabla ya kupokea garanti, yaani pesa ya dhamana, maana baada ya garanti hatatoboa.

Nyumba kubwa zenyewe zina dari za juu zinazopoza chumba Oktoba na kukigandisha Julai. Hapa tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Juni na Julai baridi yake inamshangaza anayetoka Mombasa au Dar es Salaam. Mabomba ndani ya kuta ni ya zamani kama nyumba. Fungua kila bomba, subiri, utazame rangi ya maji.

Golf ni jina linalouza. Lakini kuna Golf Météo, Golf Maisha, Golf Les Battants na nyingine tena, na kati ya moja na nyingine panaweza kuwa na mwendo mrefu wa gari. Tangazo likisema Golf tu, uliza ipi, kisha uliza lami inaishia wapi. Nyumba ni mpya na nzuri, kuta ni ndefu, na kila mtu ana forage yake. Familia yenye gari mbili itafurahi. Anayetegemea taksi-basi atatembea mwendo wa nusu saa kwenye vumbi ili afike panapopita gari, na mtoto akiugua usiku jirani hatasikia kilio kupitia kuta hizo.

Kasapa na mitaa inayoizunguka inafaa kwa mwanafunzi na mwalimu wa chuo kikuu, kilichoanza hapa miaka ya 1950. Usikae Kasapa kama unafanya kazi Kenya, wala Katuba kama unasoma Kasapa. Nimewaona vijana wakimaliza mwaka wa masomo ndani ya foleni. Kwa watoto, hesabu njia ya shule kabla ya njia ya ofisi. Imara na Tuendelee, shule za sifa, ziko upande wa mjini, na mtoto wa Ruashi anayesoma huko huamka saa kumi usiku. Ukipata shule nzuri iliyo karibu, naona ni bora kuliko yenye jina iliyo mbali.

Ukiishi Lubumbashi lakini kazi yako iko nje, kaa upande wa barabara unayoipita. Kipushi ni kilomita 30, Likasi ni 120, na njia ya Kasumbalesa ina malori yanayokwenda na kutoka Zambia usiku na mchana. Kuukata mji mzima kila asubuhi kabla ya kuanza safari yenyewe ni kujichosha bure.

Kiangazi kinaficha mengi

Familia nyingi huhama Julai na Agosti, shule zikiwa zimefungwa, ili watoto waanze Septemba wakiwa wametulia. Huo ndio wakati nyumba nyingi zinapatikana, na ndio wakati mbaya zaidi wa kuutazama mtaa. Barabara ni kavu na imara, mifereji ni mitupu, kila kiwanja kinaonekana cha juu. Kwa hiyo tafuta alama za mvua iliyopita. Chini ya ukuta wa nje mara nyingi kuna mstari wa udongo mwekundu: huo ni urefu wa maji au wa matone yaliyoruka. Mstari ukiwa kwenye goti, maji yalifika kwenye goti. Tazama kama jirani ameinua kizingiti cha mlango kwa matofali mawili, au amepanga magunia ya mchanga. Tofali za udongo zisizochomwa, nyingi zikiwa za kichuguu, huliwa chini kwanza. Ukiona ukuta umekonda miguuni, mvua mbili nyingine zitauangusha. Fuata mteremko mpaka ukutane na kijito, iwe Lubumbashi, Kafubu, Naviundu au kingine, ujue kiko mita ngapi na geti lako.

Anayeweza kungoja, angoje. Panga chumba kwa muda mfupi, umalize Januari moja mjini, kisha ndipo utafute nyumba ya kukaa.

Fedha na karatasi

Komisionere hulipwa kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai pia pesa ya kukutembeza. Mlipe anapokukabidhi funguo mbele ya beyere, si kabla. Hakikisha uliyeonyeshwa kama beyere ndiye mwenye nyumba kweli. Uliza majirani wawili, kila mmoja peke yake. Nyumba moja kupangishwa kwa watu watatu kwa siku moja ni wizi unaojulikana.

Garanti ina sheria yake. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwamba kwa nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Mabeyere wengi watakuomba sita. Wengi wao hawaijui sheria hiyo, au wanajua wewe huijui. Itaje kwa upole, ukisema "papa" na "mama," na ukitoa miezi yako mitatu mkononi. Nimeona mara nyingi pesa iliyo mezani inamaliza mjadala haraka kuliko kifungu cha sheria. Mkataba uwe wa maandishi, na ndani yake muandike hali ya nyumba chumba kwa chumba: kioo kilichovunjika, kufuli lisilofanya kazi, namba iliyo kwenye mita siku hiyo, madeni ya SNEL na Regideso yaliyobaki na ni ya nani. Ukiacha deni la zamani bila kuliandika, watu wa SNEL wakija kukata hawatamkata beyere.

Kuhusu kununua, usinunue mwaka wa kwanza. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ni ya Serikali, na unachokinunua ni haki juu yake inayothibitishwa na cheti cha usajili, sertifika. Karatasi ya machifu au ya komini pekee ni mwanzo wa njia, haijafika kwenye sertifika. Annexe imejaa parsele zilizouzwa mara mbili, na nyumba za Gécamines zina historia zake, hasa tangu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka katika kampuni kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Ofisi ya konservatere, msajili wa ardhi, ndiyo inayotunza sertifika. Nenda huko wewe mwenyewe na namba ya parsele, usimtume komisionere.

Ukishasaini, chukua nakala ya mkataba uende nayo kwenye ofisi ya makazi ya komini, kisha kwa shefu wa karitiye, kabla gari la mizigo halijafika. Mtajie majina ya wote watakaolala ndani ya nyumba na mahali mlikotoka. Halafu siku ya kuhamia, watoto wakiwa bado wanashusha vyungu na magodoro, piga hodi kwenye nyumba mbili za kulia, mbili za kushoto na ile inayokutazama, ujitambulishe, uombe namba za simu. Mwenye nyumba inayokutazama ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona mtu akiruka ukuta wako.